Bandari ya Leptis Magna: Severus aliwajengea watu wa kwao au aliwaponza?

Ikitajwa Leptis Magna ya Libya watu wanakimbilia picha za matao na ukumbi wa maigizo, na kweli ni pazuri, sibishi, ila mi kinachonikaa kichwani ni bandari yake. Kuna ubishi wa siku nyingi kuhusu ile bandari: Kaisari wa Roma, Septimius Severus, alivyoipanua aliwasaidia watu wa kwao, au alikuwa anatafuta ujiko akaishia kuwaharibia?

Leptis iko karibu na mji wa Khoms, mashariki ya Tripoli, pale Wadi Lebda inapoingia baharini. Wadi ni mto wa msimu, leo mkavu kesho mafuriko. Wafoinike, mabaharia na wafanyabiashara wa kale, walipapenda kwa sababu mlango wa mto na visiwa vidogo vilivyokuwa mbele yake vilikinga vyombo na mawimbi. Utajiri wa watu wa Leptis ulikuwa mafuta ya zeituni, na walikuwa nayo kweli kweli, maana walipojikuta wako upande ulioshindwa na Julius Caesar mwaka 46 KK walipigwa faini ya ratili milioni 3 za mafuta kila mwaka. Kila mwaka, na mji ukaendelea kudunda.

Sasa mwaka 145 akazaliwa Severus hapo hapo Leptis, na mwaka 193 akakamata Roma. Mtoto wa nyumbani kapata. Kuna mwandishi wa zamani anasimulia (sio wa kuaminika sana huyo, lakini kisa ni kitamu) kwamba dada yake alienda kumtembelea Roma, Kilatini chenyewe kinamshinda, Kaisari akaona aibu, akampa zawadi akamrudisha kwao. Dada alirudishwa, ila hela ya kwenda Leptis haikurudishwa! Kulijengwa uwanja mpya wa mji, basilika (ukumbi mkubwa wa shughuli za mji, sio kanisa), barabara pana yenye nguzo pande zote kushuka mpaka baharini, na mwisho wa barabara ndo bandari: kuta mbili kubwa za mawe zikaunganishwa na vile visiwa zikakumbatia maji kama mikono, mnara wa taa upande mmoja, maghala upande wa pili.

Wanaomlaumu wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni mchanga. Zamani maji ya bahari yalikuwa yanapita katikati ya visiwa na nchi kavu yanasafisha, ukishaziba hizo njia kwa mawe basi tope la mto na mchanga wa bahari vinaingia na havitoki. Walijua hatari ya mto, ndo maana kulikuwa na bwawa huko juu la kuugeuza mkondo usipite mjini, lakini bwawa ni kitu cha kutunzwa, na lilipokuja kubomoka mafuriko yakarudi njia yake ya asili yakiwa na tope lake lote. Ya pili ni mawe ya kufungia kamba za meli. Yapo mpaka leo, yamechomoza kwenye ukuta wa gati, kila moja limetobolewa tundu nene, na wengi waliochunguza wanasema matundu mengi yako freshi, hayajalika. Sisi tunasema kamba hukata jiwe, ukiangalia mdomo wa kisima cha zamani unaona mifereji iliyochimbwa na kamba, pale Leptis kamba haikukata kitu. Wanahitimisha kwamba bandari ilijengwa, ikapongezwa, halafu meli hazikuja.

Hii hoja ya kamba naikubali nusu tu, yani kamba ya kisima inavutwa kutwa mara mia na kusuguana na jiwe, ya meli inafungwa inatulia, inacheza kidogo chombo kikiyumba. Sio kipimo kimoja. Afu pia mchanga ukifunika jiwe mapema unalihifadhi, kama ulivyouhifadhi mji mzima.

Upande wa wanaomtetea wanauliza, kama bandari ndo iliua mji mbona mji haukufa? Ukoo wa Severus ulitoka madarakani mwaka 235. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kwenye miaka ya 360, makabila ya bara yalipovamia mashamba ya Leptis, wenyeji walimwita kamanda wa Kirumi aliyeitwa Romanus, naye akawaambia hatoki mpaka apewe chakula cha jeshi na ngamia 4,000. Hawakuweza, akaondoka akawaacha na moto wao. Lakini jiulize, nani anamuomba ngamia 4,000 mtu aliyekufa njaa?

Mimi bandari siilaumu kwa ukubwa wake. Kilichowaumiza nadhani ni bili. Severus aliupa mji msamaha wa kodi ya ardhi, na wenyeji kwa shukrani wakaanza kupeleka Roma mafuta ya bure, na yeye ndo aliyewazoesha watu wa Roma kugawiwa mafuta. Severus akafa mwaka 211, shukrani ikaendelea kudaiwa kama deni, mpaka Kaisari Constantine alipokuja kuifuta karne iliyofuata. Kwa hiyo mji huo huo uliokuwa unatoa mafuta bure ulitakiwa pia utunze bwawa, uzoe tope, ukarabati kuta ndefu zilizojengwa kwa mfuko wa Kaisari ambaye hayupo tena. Faini ya Caesar waliimudu kwa sababu wakati ule hawakuwa na kitu kikubwa hivyo cha kutunza, zawadi ya mtoto wao ndo ikawa nzito kuliko faini.

Leo ukisimama kwenye gati unaona ngazi zinashuka mpaka kwenye nyasi na mchanga pale meli zilipokuwa zinaelea. Mwaka 1816 konsuli (balozi mdogo) wa Uingereza huko Tripoli, Warrington, alipopewa ruhusa na Pasha, mtawala wa Tripoli, ya kuchukua nguzo za mji, zilipelekwa ufukweni, na leo nyingi zimesimamishwa Virginia Water karibu na Windsor, Uingereza, kama pambo la bustani. Tatu zilikuwa kubwa mno kupakiwa, zikaachwa pale pale ufukweni.