Hatukuwa watulivu, tulikuwa tunasubiri fomu

Jirani yangu wa chumba cha pili alianza na vyeti. Ilikuwa jioni, wiki moja kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022, naye ameketi kwenye kigoda mlangoni pake akivitoa kimoja kimoja: vyeti vya kuzaliwa vya watoto 3, kadi ya kliniki ya yule mdogo, cheti chake mwenyewe cha darasa la nane, na karatasi za shamba la marehemu mumewe zilizokwisha kuchanika kwenye mikunjo. Akavipanga ndani ya bahasha ya kaki, bahasha akaifunga kwenye leso, leso akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, pale ambapo mkono unaifikia hata gizani.

Nikamuuliza, "Mama, unasafiri?"

"Mimi sisafiri, kijana wangu. Mimi napiga kura. Watoto ndio wanaoondoka."

Hapa ni Nakuru, upande wa Kaptembwa. Kwa asiyeijua Nakuru, huu ni mji ambao ploti moja yenye vyumba 10 inaweza kuwa na lugha 5 za nyumbani, na wote wanachota maji kwenye mfereji mmoja. Mwishoni mwa Januari 2008, karibu mwezi mzima baada ya Rais Kibaki kuapishwa jioni ile ya tarehe 30 Desemba kwa matokeo yaliyopingwa, moto wa vurugu za uchaguzi uliokuwa ukiwaka kwingine ulitufikia. Mimi nilikuwa kidato cha 2. Nakumbuka milango iliyochorwa alama kwa chokaa usiku, na asubuhi kila mwenye nyumba akitoka kutazama mlango wake kabla hajanawa uso. Nchi nzima ilizika watu zaidi ya 1,100, na wengine laki kadhaa wakalala kwenye mahema. Jirani yangu alipoteza kila karatasi aliyokuwa nayo. Ilimchukua miaka kuzipata tena, kwa foleni na kwa nauli.

Kwa hiyo ninaposoma hadi leo kwamba uchaguzi wa 2022 ulionyesha jinsi Wakenya walivyokomaa, roho inaniuma kidogo. Sikatai kwamba hatukupigana. Ninachokataa ni jina tulilopewa. Wahubiri, waangalizi, wanasiasa walioshinda na hata baadhi ya walioshindwa walitusifu kwa utulivu, kana kwamba tulilala. Hatukulala. Siku zile tulikuwa macho kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yetu.

Tazama jinsi watu walivyoziishi siku za mwisho. Magari ya kwenda magharibi yalijaa, na ya kwenda Mlima Kenya yakajaa vile vile. Shule zilikuwa zimefungwa, tarehe ya kufungua ikasogezwa, kisha ikasogezwa tena, hivyo waliotuma watoto ushago, kijijini, hawakuwa na haraka ya kuwarudisha. Serikali ilikuwa imetangaza mwezi Julai kwamba unga wa kilo 2 utauzwa shilingi 100, kutoka mia mbili na kitu, lakini ukienda dukani rafu zilikuwa tupu, na ukiupata unaruhusiwa pakiti moja. Watu walinunua mahindi, wakasaga, wakaweka. Mafuta ya taa, viberiti, dawa za presha za mwezi mzima. Hakuna aliyesema kwa sauti anajiandalia nini. Ukimkuta mwenzako dukani na debe la maharagwe, mnasalimiana na kuzungumzia mvua.

Halafu Jumamosi ya tarehe 6 kampeni za urais zikafungwa katika viwanja vya Nairobi, mgombea Ruto akiwa Nyayo, mpinzani wake Raila akiwa Kasarani, na jioni hiyo kelele zote zikakatika. Kwa miezi mingi tulikuwa tumezoea magari ya vipaza sauti kuanzia asubuhi. Ukimya wa Jumapili ile ulikuwa mzito hata ibada ilikwisha mapema, watu wakasimama nje ya kanisa wakizungumza kwa sauti za msibani. Jumatatu ikatufikia habari kwamba uchaguzi wa gavana umeahirishwa Mombasa na Kakamega kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa na makosa. Ilikuwa siku moja kabla! Mtu yeyote aliyekumbuka 2017, mkuu wa teknolojia wa tume ya uchaguzi Chris Msando alipokutwa ameuawa siku chache kabla ya kura, hakuhitaji kuelezwa kwa nini tumbo lilikuwa linamkata.

Na muda wote huo, tulihubiriwa amani. Redioni amani, kanisani amani, msikitini amani, kwenye simu ujumbe wa amani. Piga kura urudi nyumbani. Jirani yako ni jirani yako. Sina ugomvi na neno lenyewe, ninalipenda kuliko wengi wanaolisema, kwa sababu nimeona kinyume chake. Ila kuna jambo ndani ya mahubiri yale lililonikera na linanikera bado: yanamchukulia mpigakura kuwa ndiye hatari. Kana kwamba mama yule wa chumba cha pili, anayefungia vyeti kwenye leso, ndiye anayepaswa kuombwa asichome nchi. Mwaka 2007 aliyewasha kibiriti alikuwa raia, ni kweli, na hatupaswi kulisahau hilo. Lakini kuni zilikuwa zimekaushwa mahali pengine, kwenye matokeo ambayo hakuna aliyeweza kuyafuata kutoka kituoni hadi kwenye tangazo. Mwenyekiti wa tume wa wakati huo, Samuel Kivuitu, alikiri baada ya siku chache tu kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Sasa mkulima wa Molo angejuaje?

Kilichotushika 2022, kwa maoni yangu, hakikuwa mahubiri. Kilikuwa karatasi inayoitwa fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo.

Nitaeleza nilichokiona. Kituo chetu ni darasa la shule ya msingi. Kura zilihesabiwa chini ya taa, msimamizi akiinua kila karatasi juu ili mawakala waione, akisoma jina, akiiweka kwenye fungu lake. Ikafika usiku. Fomu ikajazwa kwa kalamu, mawakala wakatia sahihi, ikapigwa picha na kile kifaa cha tume na kutumwa, kisha nakala ikabandikwa mlangoni kwa gundi. Tulikuwa kama watu 20 tuliobaki, mbali kidogo, tukisubiri. Kijana mmoja wa bodaboda akasogea, akawasha tochi ya simu, akaipiga picha ile fomu mara 3 kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka kwa baridi. Gundi ilikuwa bado mbichi, kona moja ya karatasi ikawa inajikunja, naye akaishikilia kwa kidole gumba mpaka ikakaa.

Asubuhi, kwenye steji yao, akafungua tovuti ya tume. Mara hii tume ilikuwa imeamua kuziweka fomu za vituo vyote 46,229 hadharani, yeyote mwenye simu azione. Akatafuta kaunti, eneo bunge, wadi, kituo. Ikafunguka. Akaweka simu mbili sambamba juu ya tangi la pikipiki, yake na ya mwenzake, na wanaume 6 au 7 wakainama. Mmoja alikuwa wa Azimio ya Raila hadi kofia, mwingine wa Kenya Kwanza ya Ruto hadi fulana. Walisoma tarakimu kwa kidole, mstari kwa mstari, jina kwa jina. Zilikuwa zile zile. Hakuna aliyeshangilia. Yule wa kofia akasema tu, "Hapa kwetu iko sawa. Tuone kule kwingine." Na wakaendelea, kituo baada ya kituo, mpaka abiria wakaanza kulalamika.

Huo kwangu ndio uraia. Watu wale walikuwa na kila sababu ya kutoaminiana, nao hawakuombwa waaminiane. Walipewa kitu cha kukagua.

Lakini nisiseme kana kwamba kila kitu kilikwenda vizuri kuanzia hapo. Siku 5 zilizofuata zilikuwa mateso. Fomu zilikuwa wazi lakini jumla haikuwepo, kwa hiyo kila kituo cha runinga kikaanza kujumlisha chenyewe, kila kimoja kwa mpangilio wake. Ukiwasha hapa Raila anaongoza, ukibadilisha pale Ruto anaongoza, dakika ile ile. Kinyozi wetu alikuwa na runinga moja, ikawa wateja wanagombana kuhusu chaneli kabla ya kugombana kuhusu kura. Mtu alichagua runinga kama alivyochagua mgombea. Kisha vituo vikapunguza kasi, hesabu zikakwama karibu na mwisho, na hapo ndipo hofu ilipopanda. Naamini vyombo vya habari vilikosea. Kama waliweza kuanza kuhesabu, walikuwa na deni kwetu la kumaliza.

Jumatatu ya tarehe 15, ploti nzima tulikuwa mbele ya runinga ya jirani mmoja, hata wapangaji ambao huwa hawasalimiani. Kwaya ilikuwa inaimba Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako tume ilijumlishia kura. Iliimba wimbo, ikaimba mwingine. Halafu tukaona watu wanasukumana jukwaani, viti na meza vikirushwa, na wakati huo huo makamishna 4 kati ya 7 wa tume wakiwa hoteli ya Serena wakisema hawayakubali matokeo ambayo yalikuwa hata hayajatangazwa. Mama wa chumba cha pili akainuka bila kusema neno, akaenda chumbani kwake. Nilijua ameenda kuangalia ule msumari.

Mwenyekiti wa tume, Chebukati, akarudi, akasoma. Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti ya kura 233,211 katika nchi yenye wapigakura waliojiandikisha zaidi ya milioni 22. Nusu ya Kaptembwa ikapiga mbinja, nusu ikafunga milango. Usiku ule sikulala, na najua si mimi pekee. Lakini asubuhi yule wa kofia ya Azimio alikuwa kwenye steji yake, macho mekundu, akibeba abiria. Nikamuuliza anaonaje. Akaniambia anasubiri mahakama, kwa sababu fomu anazo kwenye simu.

Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi tarehe 5 Septemba, majaji wote kwa sauti moja, kwamba ushindi wa Ruto unabaki, na moja ya mambo waliyosema ni kwamba fomu zilizowekwa kwenye tovuti hazikutofautiana kwa uzito wowote na zile za karatasi zilizopelekwa Bomas. Yule wa kofia hakuupenda uamuzi. Aliukubali. Miaka 5 kabla yake mahakama hiyo hiyo, ikiongozwa na Jaji Mkuu Maraga, iliufuta uchaguzi wa urais wa 2017, na tume haikuwa tayari kuifungulia seva zake. Tofauti ya hali hizo mbili ndiyo ninayotaka watu waizungumze badala ya kutusifia ukomavu.

Sasa 2027 inakuja. Makamishna wa 2022 walipoondoka, tume ilikaa bila makamishna kwa zaidi ya miaka 2, hadi wapya walipoapishwa Julai 2025. Raila ametangulia mbele ya haki. Ruzuku ya unga ilikwisha zamani. Mahubiri ya amani yatarudi, najua, na mabango yake yatakuwa mazuri. Mimi ninaomba kitu kimoja tu: tovuti ile iwe wazi tena, fomu zote, na safari hii tume yenyewe itupe jumla inayokwenda nazo hatua kwa hatua, tusiachwe siku 5 tukihesabiwa na runinga.

Nimeshaamua nitabaki pale kituoni hadi gundi ikauke. Mama wa chumba cha pili anasema tutakwenda pamoja, atabeba chai kwenye chupa. Watoto, anasema, watatangulia ushago.