Mtoto aliyeuliza kama mama yake ataiona fomu

Wiki iliyopita kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu, mwenzetu mmoja alituma jedwali. Nchi zimepangwa kuanzia juu mpaka chini kufuatana na jinsi wanafunzi wake wanavyosema maisha yao yana maana. Panama na Indonesia ziko juu, Japan na Uingereza ziko chini. Akaongeza maneno yake: "Hawa watu wa Asia hesabu wanaziweza, maisha yamewashinda. Wakorea ndiyo usiseme. Tumshukuru Mungu kwa tulivyo." Vidole gumba vikamiminika. Nikaanza kujibu, nikafuta, nikaanza upya, mwisho nikaona jibu langu halitoshi pale. Nimelileta hapa.

Sisi kwenye jedwali lile hatumo. Ule ni upimaji wa PISA wa mwaka 2018, mtihani wa kimataifa unaolinganisha wanafunzi wa miaka 15, na Tanzania haikushiriki, wala Kenya. Hakuna mtoto wetu aliyeulizwa chochote. Tunajisifia matokeo ya mtihani ambao hatukuufanya, tena kwa kuwasimanga watoto wa watu.

Na mimi watoto hao nimekaa nao. Nilisoma Gwangju, kusini mwa Korea, na jioni mbili kila wiki nilijitolea kufundisha Kiingereza kwenye kituo cha watoto cha mtaani, vile vituo ambavyo mtoto hupitia baada ya shule akala, akafanya kazi zake, akasubiri wazazi watoke kazini. Siku moja zikaletwa fomu za utafiti. Sentensi kadhaa, na mbele ya kila sentensi namba 1 mpaka 5. Ninajua maisha yangu yana maana gani. Nina lengo linalonifanya nijione ninaishi vizuri. Katikati, kwenye 3, kuna neno ambalo ukikaa Korea utalisikia kutwa: *botong*. Kawaida. Hivi hivi tu.

Nilipewa kazi ya kugawa na kukusanya. Msichana mmoja wa miaka 13, mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini, aliandika 2, akafuta, akaandika 4, akafuta, mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya na mabaki ya ufutio yakajaa mezani. Akawa anayaviringisha kwa kidole yawe kidonge. Kisha akaniita kwa sauti ya chini, "Ssaem," ndivyo wanavyofupisha neno la mwalimu, "mama ataiona?"

Nikamwambia hapana, hata jina huandiki. Akaitazama fomu, akanitazama mimi. Halafu akazungushia 3 kuanzia juu mpaka chini, akanikabidhi, akachukua begi. Nje lilikuwa limeshapiga honi gari dogo la njano la *hagwon*, yaani twisheni. Mkononi alikuwa na wali wa pembetatu uliofungwa kwa mwani, wa kununua dukani, na ndicho kilikuwa chakula chake cha jioni. Alikula akitembea.

Mahali fulani ile fomu imeingizwa kwenye kompyuta. Mahali fulani yule mtoto amekuwa wastani wa 3.0, "maana ya kiwango cha kati".

Simlaumu kwa kutoniamini. Shule za Korea zina kipimo cha hisia na tabia ambacho kila mwanafunzi hukifanya akifika madarasa fulani: la kwanza na la nne la msingi, kisha mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini na mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu. Msingi wazazi ndio wanaojaza. Sekondari anajaza mtoto mwenyewe, na majibu yanapelekwa nyumbani. Nia yake njema, kuwabaini watoto wanaoumia mapema. Lakini mtoto mwenye akili timamu anajifunza mara moja kwamba karatasi inayouliza habari za moyo wake ina safari, na safari hiyo inaishia sebuleni kwao.

Sasa turudi kwenye jedwali. PISA iliwauliza watoto sentensi tatu tu: kwamba maisha yangu yana maana au kusudi lililo wazi, kwamba nimegundua maana inayoniridhisha, kwamba ninaelewa vizuri kinachoyapa maisha yangu maana. Unakubali au hukubali. Wastani wa nchi za OECD, umoja wa nchi nyingi zilizoendelea unaoendesha PISA, asilimia 68 walikubali sentensi ya kwanza. Jiulize wewe mtu mzima, mwenye mke au mume, watoto na mkopo, kama *umegundua maana inayokuridhisha*. Halafu mpe sentensi hiyo mtoto wa miaka 15 katika nchi ambayo kujitangaza umeshafika ni utovu wa adabu. Kuna watafiti waliowalinganisha wanafunzi wa Japan na Taiwan na wenzao wa Marekani na Canada, mwaka 1995, wakakuta wale wa Asia wanaegemea katikati ya mizani na wale wa Amerika wanakimbilia ncha. Mizani ni ile ile, mikono inayoweka uzito ni tofauti.

Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Dodoso linalotumika sana duniani kwa jambo hili ni la mwanasaikolojia wa Marekani, Michael Steger, na wenzake, la mwaka 2006. Lina sentensi kumi: tano zinapima kama maana *ipo*, tano zinapima kama mtu *anaitafuta*. Marekani, anayeitafuta sana huwa ni yule asiyenayo, kwa hiyo kutafuta kunaonekana kama dalili ya upungufu. Steger huyo huyo na wenzake wa Japan walipolinganisha wanafunzi wa vyuo wa nchi hizo mbili mwaka 2008, Japan mambo yakageuka: waliokuwa wakitafuta zaidi ndio waliokuwa nayo zaidi. Kule kutafuta si pengo, ni namna ya kuishi. Ukilichukua swali la kutafuta ukalitupa, kama PISA walivyofanya, ukabakiza swali la kupata, umekata nusu ya habari, na kwa watu wa upande ule wa dunia huenda umekata nusu iliyo bora. Mtoto wa miaka 13 kazi yake ni nini kama si kutafuta? Tungekuwa na wasiwasi naye kama angesema ameshamaliza.

Na lugha nayo. Jaribu kuitafsiri ile sentensi kwa Kiswahili: "maisha yangu yana maana". Kwetu "mtu wa maana" ni mtu wa kuheshimika, na "hana maana" ni tusi. Mtoto wa Tandale ukimwomba akatae sentensi hiyo, umemwomba ajitukane. Atakubali, na wewe utarudi na asilimia tisini na kitu, uitume kwenye kundi la walimu. Wakorea wana *uimi*, neno la kitabuni ambalo ndilo linaloandikwa kwenye fomu, na wana *boram*, neno la mdomoni, ile hali ya kumaliza kazi ukahisi jasho lako halikwenda bure. Mtoto wa Kikorea anaweza kukusimulia kwa raha siku yenye *boram*. Muulize *uimi* ya maisha yake, atakuambia *moreugesseoyo*, sijui.

Sitaki mtu anielewe kwamba nasema Korea hakuna tatizo. Lipo, na linatisha. Tangu 2011 kujiua ndiko chanzo namba moja cha vifo vya Wakorea wa miaka 9 hadi 24. Sentensi hiyo naiandika polepole kila mara, kwa sababu nimekaa na darasa la watoto wa umri huo. Na ndiyo, nakubali japo kwa shingo upande, bila takwimu hata hilo tusingelijua. Kuna watoto ambao fomu imewaokoa. PISA ya 2015 ilipowataka wanafunzi wapime ridhaa yao na maisha kuanzia 0 mpaka 10, Korea ilipata 6.36 wakati wastani wa OECD ulikuwa 7.31, na namba ile iliwashtua watu ambao machozi ya watoto wao wenyewe hayakuwa yamewashtua.

Ila angalia tunachopima na tunachokiacha. Mwaka 2024 asilimia 80 ya wanafunzi wa Korea walikuwa kwenye masomo ya kulipia nje ya shule, na wazazi wakatumia zaidi ya trilioni 29 za won. Seoul ilibidi iweke sheria hagwon zifungwe saa nne usiku. Siku ya *suneung*, mtihani wa kuingia chuo kikuu kila Novemba, soko la hisa linachelewa kufunguliwa, polisi wanawakimbiza waliochelewa kwa pikipiki, na wakati wa zoezi la kusikiliza Kiingereza ndege haziruki wala kutua kwa dakika 35 nchi nzima. Nchi inaweza kuzuia ndege kwa ajili ya mtoto. Basi inaweza kumwachia jioni yake. Serikali ilijaribu: muhula usio na mitihani, ulianza kwa majaribio 2013 na kufika shule zote za sekondari ya chini 2016. Yule msichana alikuwa humo humo. Shule ilipomwondolea mtihani, hagwon ikaongeza.

Kwa hiyo mtoto anakula akitembea, anarudi saa nne, na kesho yake anapewa fomu imuulize kama ameipata maana. Akijibu hapana, upungufu unaandikwa kwenye safu yake yeye. Hakuna safu ya gari la njano. Hicho ndicho ninachokipinga kwa nguvu zangu zote. Pimeni, lakini anzeni na saa za usingizi, saa za kukaa bila kazi, mara ngapi kwa wiki mtoto amekula ameketi na mtu. Mkimaliza hapo ndipo mmuulize habari za moyo.

Viktor Frankl, daktari wa Vienna ambaye wote wanaopima maana wanamtaja kwenye ukurasa wa kwanza, watu wanamjua kwa yaliyomkuta kwenye kambi za Wanazi. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1920, alikuwa kijana anayeanzisha vituo vya ushauri vya bure kwa vijana wa mji wake. Mwaka 1930 akaweka mpango maalumu kwa msimu wa kutolewa ripoti za shule, kwa sababu ndio msimu ambao wanafunzi walikuwa wakijiua. Vifo vikapungua. Maswali ya kupima fikra zake kwa namba yalitungwa Marekani na watu wengine, 1964. Yeye alianza kwa kuweka kiti na mtu mzima wa kusikiliza, wiki ile ile ambayo mtoto anaogopa kwenda nyumbani na karatasi mkononi.

Wiki mbili baada ya ile fomu, yule msichana alikuja kituoni na kopo la plastiki lenye unga wa mbao. Ndani mna buu, nene kama kidole gumba changu, la mdudu wa jamaa ya chonga, yule anayetoboa minazi yetu huku Pwani. Kule watoto wanawafuga. Akanionyesha kwenye simu picha za uzito wake, amempima kila Jumapili kwa mizani ya jikoni, gramu kwa gramu. Nikamuuliza anamhudumia saa ngapi na ratiba ile. Akasema akitoka hagwon, kabla hajavua viatu, anaenda kunyunyizia maji ule unga usikauke. Aliongea dakika ishirini, mtoto ambaye kwa kawaida ukimsalimia anainama tu. Kisha honi ikalia nje, akaliweka kopo kwenye dawati langu kwa mikono miwili, akasema, "Ssaem, msimtikise, anakaribia kubadilika."