Mahakama ya Bangui isiishie kwa wadogo

Tarehe 21 Mei 2019 wapiganaji wa 3R, kundi la waasi wenye silaha, waliingia Koundjili, Lemouna na Bohong, vijiji vya kaskazini magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Raia wasiopungua 46 waliuawa siku hiyo moja. Kuna wanaume walioitwa kwenye mkutano, wakaenda kwa imani tu maana miezi mitatu nyuma kundi hilohilo lilikuwa limesaini mkataba wa amani na serikali, wakafungwa kamba na kupigwa risasi.

Nataja vijiji hivi kwa sababu ndo vilizaa kesi ya kwanza ya Mahakama Maalumu ya Jinai pale Bangui, na wengi wetu tunaofuatilia ICC, mahakama ya kimataifa ya The Hague, hata hatujui kama kuna mahakama nyingine, ya nchi yenyewe, inayofanya kazi hiyohiyo. Iliundwa kwa sheria ya Juni 2015, wakati wa serikali ya mpito ya mama Catherine Samba-Panza, baada ya Jukwaa la Bangui, mkutano wa kitaifa wa maridhiano ambapo wananchi walikataa kabisa habari ya msamaha kwa wauaji. Ilianza kazi rasmi 2018. Majaji wamechanganyika, wa hapohapo na wa kutoka nje, mwendesha mashtaka aliyeteuliwa 2017 ni Mkongo, Toussaint Muntazini, na inashughulikia makosa yaliyofanyika tangu 2003, kwa hiyo rais wa zamani Bozizé yumo, waasi wa Seleka waliompindua wamo, na anti-balaka, wanamgambo waliopigana na Seleka, wamo.

Oktoba 2022 hukumu ikatoka. Issa Sallet Adoum kifungo cha maisha, wenzake wawili miaka 20 kila mmoja, na mwaka uliofuata rufaa ikapunguza cha Adoum kuwa miaka 30, vya wenzake ikaviacha vilevile. Mi naona hili ni jambo kubwa kuliko linavyosemwa. Mashahidi walisikilizwa ndani ya nchi yao, Kisango, lugha ya nchi hiyo, kikasikika mahakamani, sio mtu anapandishwa ndege kwenda The Hague kumweleza jaji ambaye hajawahi kuona mahali penyewe palipotokea mauaji.

Ila hebu jiulize hao watatu walifikaje mbele ya majaji. Hawakukamatwa na polisi. Bosi wao mwenyewe, Sidiki Abbas, mkuu wa 3R, ndo aliwatoa baada ya kubanwa, na huyo bosi wakati mauaji yanatokea alikuwa tayari amepewa cheo cha mshauri wa kijeshi kwenye ofisi ya waziri mkuu kwa ajili ya ule mkataba. Yaani watu wa chini wakaenda jela na kamanda wao akabaki na silaha zake mpaka 2021 kundi lake lilipotangaza amekufa. Hapo ndo pananiuma, na sio kwamba majaji walikosea, majaji walihukumu walioletewa.

Alafu kuna la Hassan Bouba. Huyu alikuwa kiongozi kwenye UPC, kundi lingine la waasi, akawa waziri wa mifugo, na Novemba 2021 mahakama ikamkamata na kumfungulia mashtaka ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu, kuhusu shambulio la Alindao la 2018 kwenye kambi ya watu waliokimbia vita. Siku aliyotakiwa kusikilizwa, jandarmu, yaani askari wa serikali, wakamtoa gerezani wakampeleka nyumbani. Siku chache baadaye rais akamvisha nishani. Nishani! Sasa mama aliyepoteza watoto Alindao aambiwe nini, aendelee kuja kutoa ushahidi?

Watu wanapenda kusema shida ya mahakama hii ni pesa. Pesa ni shida kweli, inaendeshwa kwa michango ya wafadhili na msaada wa Umoja wa Mataifa, na michango ikipungua kesi zinakaa. Wengine wanalalamikia majaji wa kigeni, na hapo sikubaliani nao hata kidogo, kwa nchi ambayo jaji akitoka kazini analala mtaa mmoja na ndugu wa mshtakiwa, kuwa na mtu wa nje kwenye benchi ni ulinzi. Shida yenyewe ni kwamba waranti inaandikwa na jaji lakini pingu ziko mikononi mwa serikali, na serikali inachagua.

Aprili 2024 ikatangazwa waranti ya François Bozizé mwenyewe, kuhusu mateso na mauaji ya gereza la Bossembélé, lile watu waliloliita Guantanamo. Safi. Lakini Bozizé wakati huo alikuwa uhamishoni Guinea-Bissau na ni adui wa walioko madarakani, kwa hiyo kumtafuta yeye hakuwagharimu kitu. Kipimo ni yule aliye ndani ya serikali.

Ndo maana mi nataka Bouba arudishwe mbele ya jaji kwanza. Kama hana hatia atoke kwa hukumu iliyosomwa hadharani, wahanga wa Alindao wakiwa wamekaa palepale wanasikia, sio kwa gari la jandarmu.