Mbao Ziliondoka, Pen Duick Ikabaki

Wapo wapenzi wa mashua za kale wanaosema Pen Duick, mashua ya matanga ya zaidi ya karne moja, si chombo halisi, kwa kuwa mwili wake sasa ni faiba, si mbao. Mimi namtetea Éric Tabarly, baharia Mfaransa aliyeubadilisha. Angeng'ang'ania mbao, leo tusingekuwa na chombo cha kubishania.

Mashua hiyo ya mashindano iliundwa Ireland mwaka 1898 kwa mchoro wa William Fife, Mskoti aliyerithi ufundi kwa baba na babu pale Fairlie, Scotland. Ilipoanza iliitwa Yum. Baba yake Tabarly aliinunua mwaka 1938, na mtoto akajifunzia bahari humo. (Pen Duick ni Kibretoni, jina la kindege chenye kichwa cheusi.) Vita vilipokwisha ilikuwa imelala matopeni, hakuna anayeitaka. Mwaka 1952 baba akamwachia mwanawe.

Lakini mbao zilikuwa zimeoza, na Tabarly, rubani wa ndege katika jeshi la majini la Ufaransa, hakuwa na uwezo wa kuiunda upya kuanzia mkuku (uti wa chini), mataruma (mbavu zake) hadi mbao za ubavuni. Akaamua kuugeuza mwili ule mbovu kuwa kalibu, yaani umbo la kufinyangia mwili mwingine. Vitambaa vya nyuzi za kioo vililowekwa resini vikapachikwa juu yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukapatikana mwili mpya. Mbao za zamani zikaachwa. Mwaka 1958 chombo kilikuwa tayari.

Hata chombo kinachokarabatiwa kwa mbao tupu, fundi hung'oa ubao huu leo, taruma lile mwakani, na baada ya miaka mia hakibaki kitu alichokigusa muundaji wa kwanza. Hakuna anayekiita kipya. Alichobuni Fife ni ule mkato: omo iliyochongoka, tezi iliyonyooshwa mbali juu ya maji. Tabarly aliuhifadhi. Nakubali kwamba faiba haimfundishi kijana kutia kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, na hilo linaniuma.

Miaka ya 1980 aliikarabati tena kwa uangalifu mkubwa. Juni 1998, mashua ikitimiza miaka 100, alikuwa akiipeleka Scotland kwenye mkusanyiko wa vyombo vya Fife. Usiku, katika Bahari ya Ireland, wakipunguza matanga, foromali, mti unaoshika tanga, ilimpiga ikamtupa majini, akafa. Alikuwa na miaka 66. Pen Duick haikuzama, na bado inatweka tanga.