Kaeni Kikao Mgonjwa Akiwa Mzima

Kikao cha familia kuhusu mgonjwa wa baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia, kwa kawaida huitishwa siku ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi hata kutulia kwenye kiti. Wajomba wanafika, mama analia, mmoja anataka apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe usiku huohuo, mwingine anataka maombi, na yeye anazunguka sebuleni akieleza namna atakavyonunua mabasi ya mikoani. Akishatulia, watu wanamshukuru Mungu, wanarudi kwenye shughuli zao, na hakuna anayetaka kuligusa tena jambo lile. Mimi naona hapo ndipo kikao kilipaswa kuanza.

Nasema hivi kama dada wa mgonjwa. Kaka yangu ni mwalimu wa hesabu, ugonjwa ulimpata akiwa chuo, umri ambao huwapata wengi, na makala haya ameyabariki mwenyewe.

Baipola ina kupanda na kushuka. Mtu akipanda, halali na wala hachoki, maneno yanamtoka mfululizo, na fedha anaziona hazina mwisho. Si furaha ya siku moja. Hali hiyo inaweza kukaa wiki nzima au zaidi. Akishuka anapatwa na sonona, kuoga tu kunakuwa kazi. Wengi hufika hospitali wakiwa wameshuka, na kama hakuna aliyemwambia daktari kwamba kuna kipindi huyu alikuwa halali, anaweza kupewa dawa za sonona peke yake, nazo zinaweza kumpandisha. Kwa hiyo ndugu anayemsindikiza asikae kimya.

Kwa kaka, dalili ya kwanza ni pasi. Saa tisa usiku wifi anaamka anamkuta ananyoosha mashati ya kazini, akimaliza anahamia sare za watoto, kisha mapazia. Asubuhi yuko macho na mchangamfu kuliko wote. Siku chache baadaye zinaanza simu za madalali wa viwanja na mikopo ya kwenye simu.

Ndiyo maana safari moja, alipokuwa mzima kabisa, tulikaa naye barazani, akachukua daftari la shule akaandika masharti yake kwa mkono wake. Usiku wa pili bila usingizi, mkewe anipigie. Kadi yake ya benki anikabidhi mimi. Apelekwe kwa daktari anayemfahamu. Aongee naye mama mdogo, si mjomba anayefoka. Asifungwe kamba. Asisemwe mbele ya wanawe. Na moja lililonigusa kuliko yote: "Nikicheka harusini, niacheni nicheke."

Sharti hilo nalitetea sana. Tukishamjua mtu kuwa mgonjwa, tunageuka askari. Akinunua viatu vipya tunatazamana, akikasirika kwa haki tunamuuliza kama amemeza dawa. Mgonjwa anayepelelezwa hivyo hujifunza kuficha, na akificha mnakosa zile siku za mwanzo ambazo simu moja kwa daktari ingetosha.

Dawa nazo zizungumzwe kikaoni. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika juu yake mwaka 1949, bado ni miongoni mwa dawa bora za ugonjwa huu, lakini lazima damu ipimwe mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo. Kuharisha, jasho jingi, au vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki vinaweza kuipandisha mwilini hadi iwe sumu. Mtu anayeitumia akianza kutetemeka sana, kutapika na kuyumba, awahishwe hospitali. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Mwanamke anayeweza kushika mimba aulize wazi kuhusu valproeti, dawa nyingine ya ugonjwa huu, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na maombi yaendelee, sina neno nayo, ila asiambiwe mtu kwamba kumeza kidonge ni upungufu wa imani. Kuziacha dawa ghafla kwa sababu "amepona" ni njia ya haraka ya kurudi kulekule.

Lipo na lile linaloogopwa zaidi, kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha sheria kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na katiba. Nililipokea jambo hilo kwa furaha, kwa sababu mgonjwa hawezi kuwaambia nduguze kwamba akishuka huwa anatamani kufa, huku anaogopa polisi. Kaka ameiandika hamu hiyo ya kufa kwenye daftari lake, pamoja na jina la mtu wa kulala naye chumba kimoja siku hizo.

Kila anapotoka kwenye kupanda au kushuka tunayapitia masharti upya. Safari hii amefuta moja: kadi ya benki haiji tena kwangu, anaishika mkewe.