Iache Kompyuta Kuukuu Ibaki Kuukuu

Wengi wanaonunua laptopu ya mtumba Arusha au Moshi huanza kwa kuiwekea kivinjari, kisha wanalalamika feni inavuma na kurasa hazifunguki. Kivinjari ndicho kinachoichosha mashine. Kiondoe, ibakie na kazi ya kuandika tu, uone itakavyonyamaza.

Kwa kazi hiyo napendekeza ThinkPad X200 ya mwaka 2008. Prosesa yake ni ya biti 64, kwa hiyo Debian 13, mfumo endeshi wa Linux, inaingia. ThinkPad T42 ya 2004 ni ya biti 32, na toleo la mwisho la Debian lenye kisakinishi cha biti 32 ni la 12. Keibodi ya T42 ni tamu zaidi, sibishi.

Kabla hujatoa hela, iwashe na ubonyeze F1 kuingia kwenye mipangilio ya mashine. Ikidai nywila ya msimamizi, irudishe mezani. Muuzaji atakwambia ukichomoa betri ndogo ya saa itafunguka. Haifunguki, maana nywila hiyo hukaa kwenye chipu isiyotegemea betri. Angalia na chaja: X200 inataka volti 20, T42 volti 16. Chaja zenye swichi ya kuchagulia volti zimeshaunguza mashine nyingi.

Kelele hutoka sehemu mbili. Diski ya kuzunguka ya X200 ibadilishe kwa SSD, diski isiyo na kinachozunguka, yenye kiunganishi cha SATA, ya inchi 2.5; gigabaiti 120 ni nyingi mno kwa maandishi. Hamisha na mipira ya pembeni ya diski ya zamani, la sivyo mpya itacheza ndani. Feni nayo huzidiwa na vumbi letu la kiangazi, linaloziba mapezi ya kupozea. Unapopuliza, shikilia mapanga yasizunguke, kwa sababu kasi ya upepo inaharibu beringi. Pasta ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa ifute kwa spiriti, uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Ukijaza zaidi, inamwagika pembeni bila kupoza chochote cha ziada.

Wakati wa kusakinisha, ondoa tiki zote za mazingira ya picha (yale ya madirisha na kipanya), ubakize zana za kawaida za mfumo. Halafu andika amri dpkg-reconfigure console-setup, uchague fonti ya Terminus ya pikseli 16x32. Skrini ya X200 ina pikseli 1280 kwa 800, hivyo unapata safu 80 na mistari 25 kamili, kipimo kilekile cha skrini za maandishi za kompyuta za kale. Herufi ni kubwa, macho hayaumi. Na Kiswahili hakina herufi zenye alama juu: hata ng'ombe anaandikika kwa ASCII tupu, yaani herufi za msingi za kila kompyuta, kwa hiyo hakuna fonti ya kutafuta.

Umeme ukikatika na betri imeshakufa, Vim, programu ya kuandikia, inakuokoa. Huandika faili la akiba kila baada ya herufi 200, au ukiacha kuchapa kwa sekunde 4. Mashine ikiwaka, andika vim -r na jina la faili, kisha hifadhi.

Kupeleka kazi kwenye simu, tumia flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 na waya wa OTG, ule wa kuchomeka flashi kwenye simu. Andika umount kabla ya kuichomoa, kwa sababu Linux huchelewesha kuandika. Ukiiwahi, simu itakuonyesha jina la faili lenye baiti 0.