Huku ndege ikikuamshia mtoto kuna namba ya kupiga

Juzi usiku nilikuwa kwa simu na mama, huku ishafika saa nne na dakika arobaini usiku, kule kwetu Amu, Lamu ya Kenya, bado saa kumi na kitu jioni, ananipa habari za harusi ya binamu yangu, nani kachangia nani kajificha, mara helikopta ikapita juu ya paa, chini kabisa, madirisha yakatetemeka. Mama akanyamaza. Akaniuliza, mwanangu ni nini hiyo, ni kwako au ni kwangu? Nikamwambia ni kwangu mama, ngoja nitakupigia. Nikakata, nikapiga namba ya mji.

Hiyo namba ndiyo imenikalisha hapa kuandika. Naishi Okinawa, kusini kabisa mwa Japani, mwaka wa sita huu, nasaidia kufundisha Kiingereza shule ya msingi, na nyumba yetu haiko mbali na kambi ya jeshi la Marekani. Mji wetu una namba maalum ya malalamiko ya kambi. Usiku inapokea mashine, unasema saa ngapi, mtaa gani, ndege ya aina gani kama umeijua, imekufanyia nini. Malalamiko yanaandikwa, yanapelekwa kwa wanaohusika, mengine yanawekwa kwenye tovuti ya mji kila mtu asome. La kwangu la mwaka jana nililiona pale, bila jina, mstari mmoja tu, kwamba mtoto ameamka analia. Mtoto wangu huyo. Niliutazama ule mstari muda mrefu, manake sijawahi maishani kuona serikali yoyote ikiandika kwamba mwanangu amelia.

Sasa najua mshaanza. Ati huyu kaenda Japani miaka sita kasahau alikotoka, kwao kambi wanayokaa Wamarekani iko kisiwa cha Manda ng'ambo tu pale na hajawahi kufungua mdomo. Kweli, sikufungua. Ningefungua kwa nani? Nyinyi mnaijua ile habari, sina haja ya kuwasimulia miaka ya kukatazwa kuvua usiku, wala alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 tulivyosikia al-Shabaab wameshambulia Manda, Wamarekani watatu wamekufa, na sisi jirani zao tukawa tunatafuta habari kwenye redio za nje na kwa kuulizana barazani. Sikuandika haya kuwacheka. Mimi ni mtu wa Amu, nitazikwa Amu inshallah.

Ninachosema ni kimoja. Huku watu wanalia na kilio kinaandikwa, kina tarehe na saa, mtu hawezi kuja kesho akasema hakikuwepo.

Na wana cha kulilia wallahi. Okinawa ni kama asilimia 0.6 tu ya ardhi ya Japani, lakini karibu asilimia 70 ya eneo lote la kambi zinazotumiwa na Wamarekani peke yao liko hapa. Vita vya 1945 viliua zaidi ya watu laki mbili kisiwani, raia kwa wanajeshi, halafu Marekani ikakitawala mpaka tarehe 15 Mei 1972, na ilipokirudisha kwa Japani kambi zikabaki. Ile ya Futenma iko katikati ya mji wa Ginowan, nyumba zimeizunguka pande zote, ukiangalia ramani utadhani mtu kachukua kisu kakata tundu katikati ya mkate. Mwaka 2004 helikopta ilianguka kwenye chuo kikuu jirani na kambi ile. Tarehe 13 Desemba 2017 dirisha la helikopta, kilo 7.7, likadondoka kwenye uwanja wa shule ya msingi inayopakana nayo, watoto wako nje wanacheza. Ikawa kwa miezi kadhaa kila ndege ikikaribia watoto wanaambiwa wakimbie wajifiche, mamia ya mara, na bado mwalimu anatakiwa amalize somo la hesabu. Mimi ni mwalimu pia, nikifikiria hilo moyo wangu unaenda mbio.

Jirani yangu ni mama mtu mzima, huku wanawaita obaa, bibi. Ana miaka zaidi ya themanini. Vita vile vilimkuta mdogo, akapoteza ndugu wawili ndani ya pango. Kila wiki anatoka na kofia yake na kiti cha kukunja anaenda kukaa mbele ya lango la Henoko, kule kaskazini Nago, wanakojaza udongo baharini kujenga uwanja mpya wa ndege wa kuchukua nafasi ya Futenma. Polisi wanawabeba hawa wazee mmoja mmoja, lori zinapita, wazee wanarudi wanakaa tena. Mara ya kwanza kumuona akibebwa nililia, kwetu bibi kama huyo hata sauti humpandishii. Nikamuuliza, obaa, huchoki? Akanijibu kwa lugha yao ya kisiwa, nuchi du takara, yaani uhai ndio hazina, kisha akaniuliza kama nimekula.

Hapo sasa ndipo mtaniuliza, na ndugu yangu ameshaniuliza, eti hao wamelalamika miaka na miaka wamepata nini? Swali zuri na linaniuma. Mwaka 1995 wanajeshi watatu wa Kimarekani walimteka na kumbaka mtoto wa miaka 12, kisiwa kikasimama, watu kama 85,000 wakakusanyika, mwaka uliofuata serikali mbili zikaahidi Futenma itarudishwa ndani ya miaka mitano mpaka saba. Hesabu mwenyewe. Mpaka leo iko pale pale. Tarehe 24 Februari 2019 wakapiga kura ya maoni kuhusu kujaza bahari ya Henoko, kama asilimia 72 ya waliopiga wakasema hapana, Tokyo ikaendelea kujaza. Gavana wa Okinawa, Denny Tamaki, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa Marekani, akakataa kuidhinisha mabadiliko ya ujenzi, wakaenda mahakamani, akashindwa, na Desemba 2023 serikali kuu ikaidhinisha badala yake. Kwa hiyo msidhani nawaletea hadithi ya peponi. Kuna siku naikasirikia Japani kuliko ninavyoikasirikia Nairobi, manake Nairobi haijawahi hata kujifanya inatuuliza. Na siri huku pia ziko. Machi 2024 mwanajeshi mmoja alishtakiwa kwa kosa la kumdhulumu kingono msichana ambaye hajatimiza umri, serikali ya mkoa haikuambiwa mpaka Juni, ilijua kupitia vyombo vya habari. Obaa siku ile hakwenda Henoko. Alikaa ndani, pazia zimefungwa.

Lakini angalia tofauti. Nimeweza kuwaandikia hapo juu tarehe, asilimia, kilo za dirisha, mwezi mkoa ulipofichwa habari na mwezi ulipojua. Zote nimezikuta magazetini, makumbusho, kwa walimu wenzangu, ziko wazi. Sasa niambieni nyinyi, Septemba 2023 nchi yetu ilisaini makubaliano ya ulinzi na Marekani ya miaka mitano, Juni 2024 tukatangazwa mshirika mkubwa wa Marekani nje ya NATO, ule umoja wao wa kijeshi, tukapiga makofi. Nani katika baraza letu ameyasoma makubaliano yale? Nani anajua yanasema nini kuhusu Manda, kuhusu bahari anayovua kaka yangu, kuhusu mwanajeshi akikosea anashtakiwa wapi? Na watu wa Nanyuki na kambi yao ya jeshi la Waingereza siwasemei, wana midomo yao na wamelia vya kutosha.

Kuna mwenye kuniambia, dada wewe huelewi, bila Marekani al-Shabaab wangetumaliza, na hao Wajapani bila Marekani China ingewameza asubuhi moja. Sikatai kwamba kuna hatari. Agosti 2022 China ilipofanya mazoezi kuizunguka Taiwan, makombora matano yaliangukia kwenye ukanda wa bahari ya kiuchumi wa Japani, huku kwetu kusini, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Kisiwa cha Yonaguni, cha Japani hiki, kiko kama kilomita 110 tu kutoka Taiwan. Nikisikia wavuvi wamekatazwa bahari mimi sihitaji kuelezwa hofu ni nini, nimekulia nyumba ya wavuvi. Maelfu ya watu wa Okinawa wameajiriwa kwenye kambi pia, mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja ni fundi huko, mtu mwema sana, na haoni haya. Anaona anailisha familia yake.

Hao wa Yonaguni nitawaeleza kidogo, wanafurahisha na kuhuzunisha kwa wakati mmoja. Kisiwa kidogo, watu kama 1,700, Februari 2015 wakapiga kura kama wanataka kambi ya jeshi la Japani la kujilinda, kura 632 ndiyo, 445 hapana. Na wakaruhusu hata watoto wa shule ya sekondari ya chini kupiga kura, na wageni wenye ukaazi wa kudumu, yaani mtu kama mimi! Kwa hiyo mtu akiulizwa si lazima akatae. Walisema ndiyo, kambi ikafunguliwa 2016, ya kuchungulia kwa rada. Leo mpango ni kupeleka makombora pale, na wapo waliopiga ndiyo wanaosema sisi tulikubali rada, hayo makombora hatukuulizwa. Kisiwa cha Ishigaki nako watu zaidi ya 14,000 walitia saini kutaka kura yao wenyewe, hawakupewa, kambi ya makombora ikafunguliwa Machi 2023. Japani nzima inajaza silaha sasa, mwisho wa 2022 waliamua yeni trilioni 43 kwa miaka mitano, wakasaini kununua hadi makombora 400 ya Tomahawk kutoka Marekani, hii ni nchi ambayo katiba yake ya 1947 iliapa kuachana na vita. Ufilipino nao, Seneti yao ilikataa kambi za Wamarekani 1991 kwa kura 12 kwa 11, Wamarekani wakaondoka kambi yao ya Subic 1992, na sasa wamerudi, maeneo tisa wanayoruhusiwa kutumia, na tangu Aprili 2024 wameleta mtambo wa makombora wa Typhon. Nikisoma habari hizi jikoni usiku naona kila mtu anamwogopa jirani yake na kila mmoja ananunua kwa muuzaji yule yule.

Atakayesema mimi ni kibaraka wa China basi aseme. Sina habari na China. Meli zao zinazozunguka visiwa vya watu hazinifurahishi hata kidogo, na nikiishi kando ya kambi yao nitatafuta namba yao ya malalamiko vile vile, na sidhani nitaipata.

Nilimpigia mama tena baadaye, akaja na kaka yangu kwenye simu. Nikamweleza kaka mambo ya ile namba, makubaliano ya 1996 yanayosema kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ndege zisiruke ila za lazima, jinsi ninavyotaja saa na mtaa. Nilidhani atanikaripia kama kawaida yake, ati mambo ya kizungu. Akanyamaza, akaniambia subiri. Nikasikia anafungua sanduku. Akarudi akaanza kunisomea, tarehe, saa, kupwa au kujaa, alikuwa wapi, walikuwa mashua ngapi, siku zote alizorudishwa baharini tangu aanze kuandika. Ana daftari la shule la kurasa mia mbili, limejaa upande mmoja. Miaka yote hii hajamwambia mtu, hata mkewe hakujua.

Akaniuliza, sasa wewe uliyesoma, hili nilipeleke wapi?